Kisu cha Kukunja na Historia Isiyoandikwa: Mfano wa Kwamkoro, Usambara Mashariki

1.0 Utangulizi



Nimeombwa nizungumze juu ya mchango wa uchunguzi wa msamiati katika uandishi wa historia. Ningeweza kuanza na nadharia, lakini nimeona ni heri nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikikusanya istilahi za ufundi huko Kwamkoro, karibu na Amani, katika wilaya ya Muheza. Huko nilinunua kisu cha kukunja kwa mzee mmoja. Bapa lake lilikuwa limenolewa hata likabaki jembamba kama jani la mpunga. Mpini wake wa kiwandani ulikuwa umeondolewa, na mahali pake pakawekwa mwingine uliochongwa kwa mti wa pale pale. Nilimlipa mzee, nikamshukuru, nikaondoka. Sikumwuliza kisu kile wao wanakiitaje, mpini ni wa mti gani, wala nani aliyeubadili. Niliporudi kumwuliza, alikuwa amekwisha kuaga dunia. Leo nina visu 17 katika droo ya meza yangu, na 16 kati ya hivyo vina kadi zenye majina na maelezo. Kile cha Kwamkoro ndicho kizuri kuliko vyote, na ndicho pekee kilicho bubu.

Hoja ya mhadhara huu ni nyepesi kuisema, ingawa si nyepesi kuitekeleza: kifaa kisichokusanywa pamoja na maneno yake kimekusanywa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo historia.

2.0 Kisu katika lugha

Tuanze na neno lenyewe. Mzizi wa kisu ni -su, nao ni wa silabi moja tu. Ndiyo maana tukitaka kukidunisha hatuna budi kupachika -ji- katikati, tukapata kijisu. Na tukitaka kukikuza tunasema jisu. Ki- ya kisu ni ya ngeli ile ile inayobeba udogo katika Kiswahili. Wasemaji wa leo hawausikii tena udogo huo, na ndiyo sababu wanalazimika kuuongeza upya.

Mfano wa upanga una mafunzo zaidi. Katika Kibemba silaha hii huitwa ulupanga, na katika Kichewa lupanga. Kiswahili kimeidondosha l ya kiambishi, kikabaki na upanga, wingi wake panga. Lakini chombo cha kufyekea kilipoenea mashambani, wasemaji waliuchukua wingi huo wakaufanya umoja: panga moja, mapanga mawili. Hivyo leo tuna upanga wa vita na panga la shamba, maneno mawili yaliyozaliwa na neno moja. Mabadiliko ya kazi yameandikwa katika ngeli.

Kundi la tatu ni wembe, jembe na kijembe, ambayo wataalamu wa Kibantu huyahusisha na asili moja. Kimoja hunyoa, kimoja hulima, kimoja huchanja chale. Kinachoviunganisha ni ukali wa chuma, si umbo. Tena lugha haikuishia hapo: kumpiga mtu kijembe ni kumsema kwa mafumbo, na hakuna asiyejua kwamba jeraha la kijembe hiki huchelewa kupona.

Kisha yako maneno yaliyokuja kwa jahazi. Jambia linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ubavu, kwa kuwa huvaliwa mwilini penye mshipi. Hanjari nayo ni khanjar ya Waarabu. Feleji ni chuma bora cha pua, na upanga wa feleji ulikuwa fahari ya mwungwana wa pwani. Sehemu za kisu zina majina yake pia: makali, ncha, bapa au kengee, mpini, msuka unaoingia ndani ya mpini, noleo linalozuia mpini usipasuke, na ala ya kukihifadhia. Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu maneno haya. Makali na ncha wanayajua wote. Msuka na noleo huyajua mmoja au wawili, na aghalabu hao ni watoto wa wahunzi au wa maseremala.

3.0 Kutoka kiunoni hadi kibindoni

Milima ya Usambara haikungoja meli za Ulaya ili ikijue chuma. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya kisiasa ya Wapare, ameonyesha jinsi ukoo wa wahunzi, Washana, ulivyoshika madaraka Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Chuma cha Upare kilibadilishwa kwa bidhaa za majirani, Washambaa wakiwamo. Katika masimulizi ya Washambaa wenyewe, ambayo Abdallah bin Hemedi aliyaandika katika Habari za Wakilindi na Steven Feierman akayachambua mwaka 1974, Mbegha aliyeanzisha utawala wa Wakilindi alikuwa mwindaji wa nguruwe aliyewagawia watu nyama. Hapa methali isemayo kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama inapata maana pana zaidi: mwenye kisu kikali akiwagawia wenzake, huenda akafanywa mfalme.

Kisu cha zama hizo hakikukunjwa. Kilikuwa na msuka ndani ya mpini na ala ya ngozi au ya mti, nacho kilikaa kiunoni. Kisu cha kukunja ni kitu cha kale sana huko Ulaya, kwani hata Warumi walikuwa navyo. Lakini kilichoviwezesha visu hivyo kuenea duniani ni viwanda vya miji kama Sheffield ya Uingereza na Solingen ya Ujerumani. Kisu cha Opinel cha Ufaransa kilianza mwaka 1890, na kile cha askari wa Uswisi mwaka 1891. Miaka hiyo ndiyo ile ile Wajerumani walipokuwa wakifungua mashamba ya kahawa Usambara Mashariki.

Naomba tusimame kidogo hapa, kwa sababu jambo lililofuata halionekani ila kwa kuchunguza vitenzi. Kisu chenye ala huchomekwa na kuchomolewa. Kisu cha mfukoni hukunjwa na kukunjuliwa. Kiswahili hakikuhitaji kukopa neno. Kilichukua kitenzi cha nguo, mkeka na barua, pamoja na kiambishi chake cha kutendua, kikakipa chuma. Zaidi ya hayo, mgawanyo wa sehemu ulivurugika. Katika kisu cha kukunja msuka hauko tena, maana bapa linazunguka juu ya msumari na kushikwa na springi ya mgongoni. Mpini umekuwa ndio ala. Sehemu mbili zilizokuwa na majina mawili kwa karne nyingi zimekuwa kitu kimoja, na neno lililoshinda ni mpini.

Hata hivyo, kisu cha mfukoni kinahitaji mfuko. Mtu aliyevaa shuka au kikoi hakuwa na mfuko, bali alikuwa na kibindo, lile kunjo la nguo kiunoni ambamo hutiwa fedha na tumbaku. Kisu kisichokunjwa hakiwezi kukaa kibindoni bila kumdhuru mwenyewe, kilichokunjwa chaweza. Kwa hiyo, kabla ya kaptura za vibarua na askari kuenea, kisu hiki kilikuwa tayari na makao katika vazi la wenyeji. Historia ya chombo haitengani na historia ya nguo.

4.0 Kwamkoro na kazi za kisu

Kwamkoro iko juu ya uwanda wa Usambara Mashariki, ambao bonde la Lwengera linautenga na Lushoto na Usambara Magharibi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa viumbe na kilimo katika eneo la Amani, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Ni yule yule ambaye mti wa msambu wa misitu hii umepewa jina lake la kisayansi, Allanblackia stuhlmannii. Jambo lisilokumbukwa sana ni kwamba mwaka 1910 alitoa kitabu kikubwa kwa Kijerumani juu ya ufundi na viwanda vya Afrika Mashariki. Yaani mtu aliyesimamia bustani ya mimea ya Amani alikuwa pia akichunguza wahunzi, wasusi na wafinyanzi. Mmea wenye jina na chombo chenye jina vilipita mikononi mwa mtu mmoja.

Kazi za eneo hili zilikuwa kazi za kisu kidogo. Magome ya mkwinini yalitumika kutengeneza dawa ya malaria hapo Amani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mdalasini huvunwa kwa kubandua gome. Na kule chini, wilayani Muheza, sifa ya machungwa imesimama juu ya ubebeshaji: kikonyo cha mchungwa huchanjwa kwa kisu kidogo kikali, kikapachikwa kwenye shina la mlimau. Kitenzi kubebesha ni chenye hekima. Mlimau hufanywa uubebe mtoto wa mwenzake. Kazi hiyo haifanyiki kwa panga, wala haifanyiki kwa kisu butu, maana kidonda kikichanika chipukizi hufa.

Hivyo kisu cha kukunja kilichofika Kwamkoro hakikubaki cha kigeni. Mpini wa pembe au wa plastiki ukivunjika, fundi alichonga wa mti. Springi ikilegea, msumari uligongwa upya kwa nyundo. Kinoo kilikula bapa mwaka hadi mwaka. Mkusanyaji wa Ulaya anayetafuta kisu kipya kisichoguswa angekitupa kisu kama hicho. Mimi naona kwamba hapo ndipo thamani yake ilipo: jina la kiwanda limefutika, na alama za wenyeji zimebaki.

5.0 Kukusanya na kuthamini

Mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi wa khanjar ya Omani, pamoja na desturi zinazoambatana nayo, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ni jambo la haki. Jambia la fedha lina wenye kulitetea. Lipo hata katika bendera ya nchi ile. Kisu cha mkulima wa Usambara hakina bendera. Zana nyingi za Afrika Mashariki zilichukuliwa katika enzi ya ukoloni zikapelekwa katika makumbusho ya Ulaya, na mara nyingi kadi zake zimetaja jina la mchukuaji bila kumtaja mhunzi. Tunalalamika, na tuna sababu. Lakini droo yangu inanishitaki kwa kosa hilo hilo, na mimi sikuwa gavana.

Kwa hiyo nawasihi vijana wanaotaka kukusanya waulize maswali matano kabla ya kutoa fedha. Wenyeji wanakiitaje? Kila sehemu yake inaitwaje? Kilifanya kazi gani, na kwa kitenzi gani? Nani alikitengeneza au kukitengeneza upya? Na la tano, ambalo ndilo zito: je, mwenyewe bado anakihitaji? Likijibiwa ndiyo, piga picha, andika maneno, uache kisu kwa mwenyewe. Lugha haipungui kwa kuchukuliwa nakala. Kisu kikichukuliwa, nyumba imepungukiwa.

6.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba ngeli, vitenzi na majina ya sehemu huhifadhi habari ambazo chuma peke yake hakiwezi kuzisema, na kwamba habari hizo hukaa kwa watu wanaozeeka. Kutu hula bapa polepole. Kifo huondoa neno kwa siku moja.

Kisu changu cha Kwamkoro nimekiandikia kadi hatimaye. Juu nimeandika mahali kilipopatikana. Penye jina la kienyeji, penye mti wa mpini na penye jina la fundi nimeacha nafasi tupu, wala sitazijaza kwa kukisia. Anayepajua Kwamkoro kuliko mimi, na akijue chombo hiki, namwomba aje ofisini. Mlango u wazi, na kalamu iko juu ya meza.