Jirani wa Nje ya Mpaka: Kutoka Kalenga hadi Mbalizi

Jina la mji wa Iringa lilichukuliwa kijijini. Neno la Kihehe "lilinga" maana yake ni ngome, na ngome iliyokusudiwa ni ile ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Wajerumani waliiteka mwishoni mwa Oktoba 1894. Miaka miwili baadaye walijenga boma lao juu ya kilima, kilometa kama 15 kutoka hapo, wakalipa jina lile lile. Jina likahama, watu wa Kalenga wakabaki. Hata leo Kalenga, yenye makumbusho linamohifadhiwa fuvu la Mkwawa, haimo katika Manispaa ya Iringa, bali katika Halmashauri ya Wilaya.

Naianza hadithi hapo kwa sababu ya swali ambalo wanaharakati wa Mbeya na Iringa hawachoki kuniuliza: kwa nini halmashauri ya mji isikisaidie kikundi cha majirani kilicho hatua chache tu nje ya mpaka wake? Afisa wa halmashauri atakujibu kwa sentensi moja, kwamba sheria haimruhusu. Atakuwa amesema kweli. Lakini sheria nayo ina wazazi wake.

Waingereza walitunga sheria ya miji mwaka 1920, kisha mwaka 1926 wakaweka sheria ya mamlaka za wenyeji. Ndani ya mpaka wa mji kulikuwa na viwanja vilivyopimwa na kanuni za usafi. Nje yake kulikuwa na chifu na hazina yake ndogo. Mbeya, iliyoanzishwa mwaka 1927 wakati watu wakiikimbilia dhahabu ya Lupa, ilizaliwa katika mfumo huo. Mpaka haukugawa ardhi peke yake. Uligawa watu katika namna mbili za kutawaliwa. Uhuru ulipokuja machifu waliondolewa, mpaka haukuondolewa.

Mara moja tu katika historia yetu ulifutwa, na vijana wengi hawalijui jambo hili. Mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulivunja halmashauri, zile za miji pamoja nazo, ukaweka mji na vijiji chini ya uongozi mmoja wa wilaya na mkoa. Nia ilikuwa njema: maendeleo yaanzie vijijini. Lakini mji usio na chombo chake ulichakaa. Mifereji iliziba, taka zilirundikana, na kipindupindu cha 1977 na 1978 kikawa kengele ambayo serikali haikuweza kujifanya haiisikii. Halmashauri za miji zikarejeshwa mwaka 1978 kwa sheria ya mpito, na mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria mbili zenye namba zinazofuatana: Namba 7 ya wilaya, Namba 8 ya miji. Kwa maoni yangu tulijifunza nusu ya somo. Tulikubali kwamba mji unahitaji halmashauri yake. Hatukuuliza itakuwaje kwa anayeishi ukingoni.

Anayeishi ukingoni ana hali ya ajabu kisheria. Kijiji, tangu sheria ya mwaka 1975, ni mtu mbele ya sheria: kinaweza kushtaki na kushtakiwa, kina mkutano mkuu wenye nguvu, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikipa usimamizi wa ardhi yake. Mtaa hauna hayo. Una mwenyekiti, kamati na mhuri. Kwa hiyo mji unapotanuka na kijiji kikageuzwa mtaa, wananchi wanapata halmashauri yenye mapato makubwa zaidi, na papo hapo wanapoteza chombo chao cha kuamua juu ya ardhi. Hili ndilo ambalo mikutano ya kutambulisha mipaka mipya hulitaja kwa haraka, kama hulitaja.

Mbalizi imekaa katikati. Si sehemu ya Jiji la Mbeya, lililopewa hadhi hiyo mwaka 2005. Ni mamlaka ya mji mdogo chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, iliyogawanywa katika vitongoji. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita Uyole, Mwanjelwa, Iyunga, kisha Mbalizi, na abiria wa daladala hawezi kukuonyesha jiji lilipoishia. Mchukue mama wa Mbalizi anayeuza mboga Mwanjelwa. Ushuru wa soko anaulipa kwa Jiji. Ushuru huo ni mapato ya ndani ya Jiji, na tangu mwaka 2018 sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya namna hiyo ikopeshwe vikundi bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chake, kwa kuwa kipo Mbalizi, kitaomba wilayani. Amechangia mfuko mmoja, anaomba kwenye mwingine.

Kuutanua mpaka wa Jiji mpaka Mbalizi ndiyo dawa inayotajwa kwanza, nami naiogopa kwa sababu nilizokwisha kueleza: baada ya Mbalizi vipo vijiji, na kila hatua ya mpaka inameza kimoja. Ipo njia isiyohitaji kuhamisha nguzo. Halmashauri mbili zinaweza kuunda kamati ya pamoja kwa jambo linalozihusu zote, na soko, taka na vikundi vya wafanyabiashara wa ukingoni ni mambo ya aina hiyo. Wanaoniandikia kutoka Mbalizi na Kalenga wapeleke hoja hiyo kwa madiwani wa pande zote mbili, tena mapema, wakati wa vikao vya Fursa na Vikwazo vya vitongoji, vijiji na mitaa, kabla bajeti haijafika mezani kwa mkurugenzi.