Habari za Viwanja Vilivyofurika, na Shauri la Uwanja Wetu

Ndugu wanachama, tumezoea kutia katika kijitabu hiki habari moja ya mambo yaliyopita, ili hesabu za fedha na orodha ya wajumbe zisiwe ndizo peke yake zinazosomwa. Safari hii tumechagua habari za viwanja vya mpira vilivyofunikwa na maji, na jinsi wapenzi wa mpira walivyolikabili jambo hilo. Sababu yake mwaijua. Masika yaliyopita uwanja wetu wa bondeni uligeuka dimbwi, vijana wakakosa mahali pa kuchezea kwa majuma mengi, na katika mkutano mkuu baadhi yetu walitaka mfuko wa chama utoe fedha za malori ili kifusi cha machimboni kimwagwe pale na uwanja uinuliwe. Wengine walikataa. Maneno yalikuwa makali, wazee wawili wakatoka kabla ya sala ya kufunga, na shauri likaahirishwa. Twaona ni vema, kabla kura haijapigwa, tutazame waliopatwa na jambo hili kabla yetu.

Sisi wa Tabaka twaishi kwa jiwe. Jiwe la sabuni hutolewa ardhini kwa sururu, na kila shimo huacha kando yake chungu ya vipande visivyofaa kuchongwa. Kifusi, basi, hakitupungukii, wala mvua hazitupungukii, kwa maana nchi ya Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Gharama ni ya lori tu. Hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa kitu kilicho karibu na mkono huonekana upesi kuwa ndiyo dawa.

Habari iliyo kubwa kuliko zote katika Afrika ya Mashariki ni ile ya Jangwani, mjini Dar es Salaam. Klabu ya Young Africans, ambayo wengi huiita Yanga, iliundwa mwaka wa 1935. Nyumba yake i pembeni mwa mitaa ya Twiga na Jangwani, na kando ya nyumba hiyo pana kiwanja kilichopewa jina la Kaunda, kwa heshima ya Rais wa kwanza wa Zambia. Jina la Jangwani lingemfanya mgeni adhani ni mahali pakavu. Sivyo hata kidogo. Bonde lile ni njia ya Mto Msimbazi, ambao hushuka kutoka vilima vya Pugu, hukatiza mji, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Salenda. Sehemu kubwa ya bonde iliachwa wazi bila nyumba kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1950 watu walikusanyika katika viwanja vya Jangwani kumsikiliza Mwalimu Nyerere na wenzake wa TANU. Mahali pa wazi palipendeza kwa mikutano na kwa mpira. Lakini bonde huachwa wazi kwa sababu, na mto ulikuwa haujaisahau sababu hiyo.

Mji ulipokua, nyumba zilipanda milimani na kushuka mabondeni. Ardhi iliyokuwa ikinywa mvua ilifunikwa kwa saruji na mabati, na taka zikatupwa mtoni. Hivyo maji yaliyokuwa yakichukua siku nzima kufika chini yakawa yafika kwa saa chache. Tarehe 20 Desemba 1911 au 1935 mvua ya namna ile ingekuta nyasi. Tarehe 20 Desemba 2011 ilikuta mji. Idara ya hali ya hewa ya Tanzania ilisema mvua kubwa kiasi kile haijapata kunyesha Dar es Salaam tangu mwaka wa 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa, maelfu wakakosa makao, na Serikali ikawapa baadhi yao viwanja vipya Mabwepande, mbali na mji. Kiwanja cha Kaunda kilikuwa katikati ya hayo yote. Twaomba wasomaji waliweke jambo hili akilini: uwanja ulipozama, majirani wa uwanja walikuwa wakizama pia.

Klabu ilifanya nini? Kwanza ilitafuta mahali pengine pa kufanyia mazoezi, kama ifanyavyo klabu yoyote. Kisha ikawaza makuu. Mwaka wa 2012 viongozi wake walitangaza mpango wa kujenga uwanja mkubwa palepale Jangwani, pamoja na kampuni ya ujenzi kutoka Beijing, na wakaomba waongezewe ardhi. Hoja iliyowakabili ilikuwa ileile ya mto, yaani bonde la mafuriko si mahali pa kujenga. Uwanja ule haukujengwa. Baadaye, katika miaka hiyohiyo ya 2010, yakaja malori ya kifusi, yakamwaga mchanga na udongo kwenye kiwanja cha Kaunda ili kiinuke juu ya maji.

Hatuwezi kuwacheka waliomwaga kifusi. Klabu ile ni urithi wa babu zao, na mtu hauachi urithi kwa sababu ya tope. Mpenzi wa Yanga aliyeona lori likimwaga mchanga pale aliona kwa macho yake kwamba kitu kinafanyika, na si haba, kwa kuwa wapenzi wa mpira wamezoea kuahidiwa vitu visivyoonekana. Hata hivyo kifusi kina tabia moja. Hakiondoi maji, huyahamisha. Kiwanja kikiinuka kiasi cha goti, maji yaliyokuwa yakipumzika juu yake yatatafuta mahali pengine pa kupumzika, na mahali pengine pana mwenyewe. Katika bonde la Msimbazi mwenyewe huyo mara nyingi ni mpangaji wa chumba kimoja, asiye na jengo la ghorofa wala kamati ya kumsemea. Mafuriko yalirudi katika bonde lile mwaka baada ya mwaka. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani ilifunikwa na maji mara kadhaa.

Kulikuwa na jibu jingine, nalo halikutajwa kuwa jibu la mafuriko. Klabu ilipopungukiwa fedha, katika msimu wa 2018 na 2019, kocha Mwinyi Zahera, mzaliwa wa Kongo, aliwahimiza wapenzi wachange kwa simu, kila mtu kwa uwezo wake. Mwezi Juni 2019 ikafanyika harambee kubwa, na mgeni wa heshima alikuwa Rais mstaafu Jakaya Kikwete. Mwaka huohuo klabu ilipewa ardhi Kigamboni, ng'ambo ya bandari. Kwa maoni yetu hapo ndipo wapenzi walipojua nguvu yao halisi. Shilingi za wengi zaweza kununua mahali pakavu, na mahali pakavu hapahitaji kuinuliwa kila masika.

Kuhusu bonde lenyewe, mwaka wa 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya Msimbazi, ili mto upanuliwe njia na bonde lifanywe bustani ya mji. Wakazi wengi walilipwa wakabomoa nyumba zao. Yaani, baada ya miaka yote ya kuinua ardhi, shauri lililoamuliwa ni kuupa mto nafasi yake.

Tusidhani kwamba haya ni ya Waafrika tu. Katika mji wa Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, uwanja uitwao Brunton Park uko karibu na mto Petteril, nao ulijaa maji mwezi Januari 2005 na tena Desemba 2015. Mara ya pili klabu ya Carlisle United ilicheza michezo yake ya nyumbani katika viwanja vya watu wengine, Preston, Blackburn na Blackpool, mpaka iliporudi kwake tarehe 23 Januari 2016 kucheza na York City. Lakini kilichotupendeza ni jambo dogo. Katika siku zile za tope wachezaji waliingia katika nyumba za jirani zao, wakasaidia kutoa nje mazulia na viti vilivyoharibika. Nyasi zao wenyewe zilikuwa zimekufa, nao walikuwa wakibeba makochi ya watu. Wenyeji wa mji ule hawajaacha kulisimulia.

Turudi nchini kwetu. Mwaka wa 1987 kilianzishwa Nairobi Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, kijulikanacho kama MYSA. Mathare ni bonde, na mto hupita humo kati ya vibanda. Taka zikiziba mitaro, mvua kidogo tu huleta uchafu mlangoni. Vijana wale walitaka ligi, nao wakapewa ligi yenye sharti: timu itoke na majembe na matoroli, izibue mitaro na kuzoa taka za mtaa wake, na kazi hiyo ihesabiwe kwa pointi katika msimamo wa ligi, pamoja na pointi za ushindi. Timu yaweza kufungwa Jumamosi na bado ikapanda kwa sababu ya mtaro iliousafisha. Mwaka wa 1992 kazi hiyo ilipewa tuzo ya mazingira ya Umoja wa Mataifa iitwayo Global 500. Tumelisoma jambo hili mara nyingi, na kila mara tumestaajabu kwamba halikuigwa katika kila wilaya ya Kenya. Ni rahisi mno, labda ndiyo sababu.

Lakini lazima tuseme kweli yote. Mvua za Machi hadi Mei 2024, ambazo ziliua karibu watu 300 katika Kenya nzima, zilifika Mathare vilevile. Watu walichukuliwa na maji, na baadaye nyumba zilizokuwa kingoni mwa mto zikabomolewa kwa amri ya Serikali. Mitaro iliyosafishwa haikuweza kuzuia mto mzima. Mjumbe mmoja wetu alisema basi kazi yote ilikuwa bure. Hatukubaliani naye. Mtaro huokoa mtaa katika mvua za kila mwaka, ambazo ndizo nyingi. Mvua ya namna ya 2024 yataka serikali, ramani na fedha, na haifai kuwatwika vijana wenye matoroli lawama yake.

Sasa tuje Gusii. Hapa mpira si mchezo wa kupitishia wakati. Shabana ilianzishwa mjini Kisii mwaka wa 1980, ikashuka kutoka ligi kuu mwaka wa 2006, na iliporudi mwaka wa 2023, baada ya miaka 17, wazee waliokuwa vijana wakati ule walilia hadharani. Uwanja wa Gusii ulifanyiwa matengenezo kwa ajili ya Sikukuu ya Mashujaa ya mwaka wa 2020, na kila mpenzi wa Shabana anajua bei ya kuona timu yake ikicheza nyumbani, kwa sababu amewahi kuifuata ugenini ilipoitwa nyumbani. Kwa hiyo vijana wetu wanapouulizia uwanja wa bondeni, hatuwezi kuwaambia wangoje.

Lakini tuutazame mlima. Maji yanayotoka mabondeni mwetu huingia Gucha. Gucha hushuka, na huko chini majirani zetu Wajaluo huuita Kuja. Kuja huungana na mto Migori, huingia Nyatike, na huko tambarare hufurika kabla ya kufika ziwani. Watu wa Nyatike wamepoteza mashamba, na shule zao zimegeuzwa makambi, kwa maji ambayo sehemu yake yalianguka juu ya mabati yetu. Sisi tulio juu hatujapata kuwa watu wa Mabwepande. Sisi ndio Pugu.

Baada ya mkutano ule kuvunjika, watatu katika kamati tulishuka bondeni mvua ikinyesha, tukafuata maji kwa miguu. Hayatoki uwanjani. Yanatoka barabarani, mahali ambapo mtaro wa zamani umejaa vipande vya mawe vilivyosombwa kutoka kwenye chungu za machimbo, na yakikosa mtaro yanakata kupitia goli la juu. Chini ya uwanja, hatua kama 60, pana shamba la mama mjane na chemchemi wanayotekea watu wa kijiji. Uwanja ukiinuliwa, maji yataanguka hapo. Tulipomwuliza mama huyo, alijibu kwamba hakuna aliyemwuliza kabla.

Kwa hiyo kamati italeta mbele yenu pendekezo hili badala ya lile la kwanza. Mfuko utoe fedha za kuzibua na kujengea mtaro wa barabarani kwa mawe, ambayo yapo. Wenye machimbo waombwe kujenga kizuizi chini ya chungu zao. Timu zitakazoingia ligi yetu ya Agosti zipewe pointi kwa kazi ya mtaro, kama wafanyavyo Mathare. Mwandishi wa chama ataweka daftari. Shauri la kifusi lisitupwe, bali lingoje masika moja, nasi tuone maji yanakwenda wapi. Wale waliotaka malori wana haki ya kusema tunachelewesha, na watapewa nafasi ya kusema hivyo.

Mkutano utaanzia uwanjani, si ukumbini, saa tatu asubuhi. Mama mwenye shamba amealikwa naye amekubali kuja. Tafadhali mje na majembe, na viatu visivyoogopa tope.