Udongo na Maji ya Chini ya Ardhi, Sepuka

Chini ya Sepuka, wilayani Ikungi, kumetandaa itale ya kale, sehemu ya kiini kigumu cha bara chenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5, ambayo yenyewe haifyonzi maji, hivyo visima hutegemea nyufa zake na tabaka la juu lililomomonyoka. Kwenye miinuko udongo wa kichanga hupitisha mvua upesi, ilhali mabondeni udongo mweusi wa mbuga, yaani mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, huizuia isizame. Maji yanayokaa muda mrefu ndani ya itale huweza kuyeyusha floraidi, madini ambayo yakizidi miligramu 1.5 kwa lita huweza kuharibu meno ya watoto. Kwa hiyo kisima kipya, hata maji yake yakiwa matamu, sharti kipimwe kabla hayajanywewa.