Kanda, Programu na Leseni: Studio za Nakuru na Haki ya Mtunzi

Historia ya kurekodi muziki katikati ya Bonde la Ufa haiwezi kuandikwa bila duka la Chandarana la Kericho, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka Nakuru, lililotoa santuri za benga na za Kikalenjin, zikiwemo za Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et. Santuri haikuwa rahisi kunakiliwa nyumbani. Kanda zilipoingia pamoja na redio za deki mbili, mtu yeyote aliweza kutoa nakala na kuiuza kituo cha matatu, na mwimbaji asione senti. Kilio cha wanamuziki kuhusu wizi huo kilikuwa cha haki, nao wakaungwa mkono na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika Februari 2003.

Sheria hiyohiyo iliziweka programu za kompyuta katika kundi la kazi za fasihi, na hapo ndipo studio za Nakuru zilipokwama. Ndiyo miaka ambayo chumba kimoja chenye kompyuta na maikrofoni kiliweza kuitwa studio, huku programu za muziki kama Cool Edit Pro, FruityLoops na Cubase zikipita mkono kwa mkono katika CD, zikiwa na namba bandia za kuzifungulia. Mwaka 2011 muungano wa kampuni za programu, BSA, ulikadiria kwamba asilimia 78 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta Kenya hazikuwa na leseni. BSA ina maslahi yake, lakini hata ukilipunguza kadirio hilo sana, bado nakala za wizi ndizo zilizotawala. Kwa maoni yangu, huu ni wizi uleule wa kanda, ila sasa aliyeibiwa ni mtunzi wa programu, wa Ubelgiji (FruityLoops) au Ujerumani (Cubase).

Atakayepinga atasema kijana wa Nakuru hakuwa na uwezo, na kwamba kampuni haikupoteza mteja ambaye asingenunua kamwe. La kwanza lina uzito. Leseni iliuzwa kwa dola, ililipiwa kwa kadi ya benki, na M-Pesa ya 2007 haikuwa imefika katika maduka ya ng'ambo. Hata hivyo programu ya Audacity ilikuwapo bure tangu 2000. Ilitosha kurekodi sauti, ingawa haikutosha kutengeneza biti, na pengo hilo ndilo lililojazwa na nakala za wizi. La pili silikubali, kwa maana mnakili wa kanda angeweza kujitetea kwa maneno yayo hayo, na hakuna mwanamuziki ambaye angemsikiliza. Isitoshe, nakala ya wizi ilimgharimu mwenye studio mwenyewe: virusi, programu kuzima katikati ya kazi, na kukosa masasisho.

Njia ya uhalali ilifunguka bei iliposhuka na malipo yalipowezekana. Programu ya muziki ya Reaper huuzwa kwa leseni ya dola 60 kwa watumiaji wadogo, nyingine ya Cakewalk ikawa bure mwaka 2018, na Juni 2022 Safaricom na Visa walizindua kadi ya mtandaoni inayolipa kutoka M-Pesa. Kwa hiyo Bodi ya Hakimiliki ya Kenya na serikali ya Kaunti ya Nakuru, zinapotaka studio ziwe halali, zianze kwa kuwafundisha maprodyuza programu hizi na namna ya kuzilipia, kabla ya kutuma polisi.