Sambusa za Dengu: Zilikotoka na Zilivyotufikisha Hapa



Kamati ya sherehe ilipogawa kazi za kijitabu hiki, wenzetu wengine walipewa kuandika habari za hisa, wengine habari za mfuko wa jamii, na sisi wa jikoni tukaambiwa tuandike historia ya sambusa za dengu. Wapo waliocheka. Eti sambusa nayo ina historia? Ndiyo, inayo, tena ndefu kuliko ya chama chetu, na ndefu kuliko ya mkoa wetu wa Singida uliozaliwa mwaka 1963. Na kwa kuwa ada za watoto wengi wa wanachama zimelipwa kutoka kwenye karai la mafuta, ni haki karai hilo nalo lisimuliwe.

SAMBUSA ILITOKA WAPI

Wengi wetu tulikua tukidhani sambusa ni chakula cha Wahindi tu. Kumbe Wahindi nao walipokea kwa wengine. Jina lenyewe limetoka katika Kiajemi, na vitabu vya mapishi vya Baghdad vya karne ya 10 tayari vinaeleza jinsi ya kuzitengeneza. Wafanyabiashara, askari na wapishi wakazichukua kuelekea mashariki mpaka India na kuelekea magharibi mpaka nchi za Waarabu.

Msafiri Ibn Battuta, ambaye alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alikaa Delhi katika jumba la Sultani. Huko alikuta sambusa zikiandaliwa wageni: nyama iliyosagwa, lozi, vitunguu na viungo, vikafungwa ndani ya unga mwembamba na kukaangwa kwa samli. Hicho kilikuwa chakula cha wakubwa. Mtu wa kawaida wa Delhi hakuweza kuweka lozi na nyama ndani ya unga kila siku, kama vile sisi tusivyoweza leo.

Ni India ndiko sambusa ilikojifunza kuishi bila nyama. Wahindu wengi na Wajaini hawali nyama, basi ndani ya unga uleule wakaweka nafaka jamii ya kunde: dengu, choroko, njegere. Viazi vilikuja baadaye, baada ya Wareno kuleta mazao ya Marekani, na pilipili nayo ilikuja kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo anayetuambia kwamba sambusa isiyo na nyama si sambusa kamili, tunamjibu kwa heshima kwamba ina karne nyingi na imelisha mamilioni.

Jirani zetu wa Ethiopia nao wanajua jambo hili. Wakristo wa Kiorthodoksi huko hufunga siku nyingi sana katika mwaka, hawagusi nyama, maziwa wala siagi, na siku hizo sambusa zao hujazwa dengu. Mataifa mengine pia wana ndugu za sambusa. Wachina wana jiaozi, na Wapolandi wana pierogi ambazo usiku wa kuamkia Krismasi hujazwa kabichi na uyoga. Unga uliofunika kitu kitamu ni akili ya binadamu kila mahali, hasa ya mama ambaye ana watu wengi na mboga kidogo.

JINSI ILIVYOFIKA KWETU

Kwetu Kanda ya Kati chakula cha asili ni ugali wa uwele na mtama kwa mlenda, na kunde na njugu mawe kwa msimu wake. Bibi zetu hawakukaanga kitu katika mafuta mengi, kwa sababu mafuta mengi hayakuwapo.

Sambusa ilipanda kutoka pwani pamoja na biashara. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipitia Manyoni na Itigi. Maduka ya Wahindi na Waarabu yakafuata stesheni na boma. Miaka ya 1930 hata Singida ilipata tawi la reli kutoka Manyoni, ingawa halikudumu, liling'olewa miaka ya 1940. Magari yakaendelea kuleta unga, chumvi na viungo.

Ngano ilisogea karibu zaidi miaka ya 1970, wakati mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, jirani zetu wa Basotu, yalipopanuliwa kwa msaada wa Kanada. Hapa tuseme ukweli wote: mashamba yale yalichukua malisho ya wafugaji wa Kibarabaig, na walilia kwa miaka mingi kudai ardhi yao. Unga mweupe tunaoujua leo una historia yake, na si yote tamu.

Halafu ikaja miaka ya shida. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari, sabuni, unga na mafuta vilipatikana kwa foleni na kwa kujuana. Kina mama waliokuwa wakiuza vitafunwa waliweka makarai juu ya kabati. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, makarai yalishuka tena, na mara hii kwa mafuta ya kwetu wenyewe. Alizeti ilishika Singida. Mashine ndogo ya kukamulia kwa mkono iliyobuniwa Arusha mwaka 1985 ilionyesha kwamba hata kijijini mtu anaweza kupata mafuta bila kungoja kiwanda cha mbali. Leo mgeni akipita barabara kuu ya Singida anaona madumu ya mafuta ya alizeti, magunia ya vitunguu na kuku wa kienyeji. Vitu viwili kati ya hivyo vitatu vinaingia kwenye sambusa yetu. Kuku tumemwacha apumzike.

KWA NINI DENGU NA SI NYAMA

Sababu ya kwanza ni bei, hiyo kila mtu anaijua. Lakini zipo nyingine ambazo vijana wetu hawazikumbuki.

Mwaka 2007 homa ya Bonde la Ufa iliingia nchini. Ugonjwa ule hutoka kwa mifugo na kuua watu, na Kanda ya Kati iliumia, hasa jirani zetu wa Dodoma. Watu waliogopa nyama. Wenzetu waliokuwa wakiuza wakati ule wanakumbuka sambusa za nyama zikirudi nyumbani na beseni lake jioni. Waliobadili na kuweka dengu na viazi waliendelea kuuza.

Mwaka 2013 likazuka jambo jingine, la nani anastahili kuchinja. Kule Buseresere, mkoani Geita, ugomvi huo ulifika mpaka mtu akauawa. Sisi tulikuwa mbali, lakini maneno yalifika mpaka sokoni kwetu. Mteja anashika sambusa, anaigeuza, anauliza, "Mama, hii nyama kachinja nani?" Swali dogo, lakini lilikuwa linagawa majirani.

Chama chetu kina Waislamu, Wakatoliki, Walutheri, Wapentekoste na Wasabato. Tulipoanza kuchangia chakula cha mikutano, dengu ndiyo iliyotuweka meza moja. Kwaresima wanakula, futari wanakula, Jumamosi na Jumapili wanakula. Haina swali la kisu. Kwa hiyo tukisema sambusa ya dengu ni chakula cha umoja, hatufanyi maneno ya jukwaani, tunaeleza kilichotokea.

Na mwili nao unapata haki yake. Gramu 100 za dengu kavu zina protini kama gramu 20, na soya inakaribia gramu 36. Soya lazima iive vizuri, kwani mbichi inazuia tumbo kuitumia hiyo protini. Dengu ikiliwa pamoja na ngano, kila moja hujazia upungufu wa mwenzake. Lakini tusidanganyane: asiyekula kabisa nyama, maziwa wala mayai hukosa vitamini B12, na anahitaji kuipata kwa njia nyingine, hasa mama mjamzito.

MWAKA AMBAO SOKO LILITUJARIBU

Katika miaka yetu kumi hakuna mwaka uliotupima kama 2017. India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa wa kunde zetu, iliweka kikomo cha kuingiza mbaazi na choroko mwezi Agosti mwaka ule, na Desemba ikaweka ushuru wa asilimia 30 kwenye dengu, halafu mwaka 2018 ikaupandisha tena na tena. Bei mashambani ikaanguka. Waliolima mbaazi, kama jirani zetu wa Babati, waliona mazao yao hayana wa kuyauliza.

Sasa hebu fikiria ndani ya chama chetu. Nusu ya wanachama ni wakulima, nusu ni wapishi. Kwa mpishi, dengu rahisi ni neema. Kwa mkulima, dengu ileile ni mkopo usiolipika. Mkutano wa siku ile ulikuwa mrefu. Mama mmoja mkulima alisimama akasema, "Mnachekea karai lenu na mimi nalilia gunia langu, na sanduku letu ni moja." Kimya kikapita. Kwa sababu alisema kweli: asipolipa yeye mkopo, hisa ya mpishi nayo inayumba.

Wapo waliosema kila mtu abebe mzigo wake, biashara ni biashara. Wapo waliosema marejesho yasamehewe, na mweka hazina akawauliza zitasamehewa kwa fedha za nani. Mwisho tulikubaliana mambo mawili. Kwanza, wapishi wanunue dengu kwa wanachama kabla ya kwenda sokoni, na wapandishe kidogo juu ya bei ya soko. Pili, wakulima waliokwama waongezewe muda, bila faini. Faida ya wapishi ilipungua msimu ule. Lakini hakuna mwanachama hata mmoja aliyeuza kitanda wala bati kulipa mkopo, na hakuna aliyetoroka. Utaratibu wa kununua kwa mwanachama kwanza tunaufuata mpaka leo, hata bei inapokuwa juu, na hapo ndipo mkulima naye hupunguza kidogo.

JINSI TUNAVYOTENGENEZA

Tumeombwa na wengi tuandike, basi hii hapa.

Chukua nusu kilo ya dengu zilizoparazwa, chambua mawe, osha, loweka saa mbili. Chemsha kwa chumvi mpaka ziive lakini zisirojeke. Chuja, acha zikauke kabisa. Hapa ndipo siri ilipo: dengu yenye maji hupasua manda na kurusha mafuta.

Chukua robo kilo ya nyama ya soya, ile ya punje kavu inayouzwa madukani, mwagia maji ya moto, acha ivimbe, kamua kwa nguvu, katakata. Soya inaipa sambusa kitu cha kutafuna, dengu inaipa utamu. Kaanga vitunguu vinne vikubwa vya Singida kwa mafuta kidogo ya alizeti, weka kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba na pilipili. Tia soya mpaka ikauke na kubadilika rangi, halafu dengu. Epua, kamulia limau, changanya giligilani. Acha ipoe.

Manda ni unga, chumvi, maji na mafuta kijiko. Kanda uwe mgumu kuliko wa chapati. Sukuma vidogo vidogo, paka mafuta, nyunyiza unga, panga vinne, sukuma pamoja viwe vyembamba. Pitisha juu ya chuma cha moto kidogo tu, bandua kimoja kimoja vingali vya moto, kata. Funga pembe tatu, gundisha kwa uji mzito wa ngano. Hakuna yai, hakuna siagi. Kaanga kwa moto wa wastani, maana mafuta yakiwa baridi sambusa hunywa, yakiwa makali huungua nje na ndani manda mbichi.

TUNAPOELEKEA

Utaratibu wa sanduku la kufuli tatu tunaoutumia ulianzia mbali pia. Vikundi vya namna hii vilianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa kina mama wa vijijini, vikaenea Afrika mpaka vikatufikia. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi kama chetu vinatakiwa kusajiliwa. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ambayo asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa wanawake, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Wakati imesimama, sanduku letu halikusimama. Hilo ni la kushukuru, na pia ni la kukumbuka kila mara mtu anapochelewa mkutano wa Alhamisi.

Tunachoomba sasa ni mashine ya kuparaza dengu yetu wenyewe. Leo mkulima wetu anauza dengu nzima kwa bei ndogo, nasi tunanunua iliyoparazwa dukani kwa bei kubwa, na tofauti hiyo inabaki mfukoni mwa mtu ambaye si mwanachama. Ndugu zetu wafadhili wa hapa nyumbani mliokuja kwenye sherehe, tumeshaweka akiba sehemu, na daftari liko wazi kwa mweka hazina.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tumeona kibaba kikijaa sambusa moja moja. Karibuni mle, bado za moto.