Gobore: bunduki ya bei rahisi iliyofika Unyanyembe

Gobore hujazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Karne ya 19, majeshi ya Ulaya yalipopata bunduki mpya, za zamani ziliuzwa kwa bei rahisi. Zilipitia Unguja hadi Unyanyembe, Tabora ya leo, zikibadilishwa kwa pembe za ndovu na watumwa.

Je, zilikuwa na ubora? Kujaza kulichukua muda, shabaha ilikuwa ya karibu, baruti ikilowa haikuwaka, na mtutu mbovu uliweza kumpasukia mpigaji.

Agosti 1871, Waarabu wa Tabora walimshambulia Mtemi Mirambo, wakateka Ulyankulu. Waliporudi na nyara, rugaruga wake waliwavizia kwenye nyasi ndefu, wakawashinda. Bunduki zilikuwepo pande zote mbili. Mbinu ndiyo iliyoamua. Baadaye mwezi huohuo, sehemu ya Tabora ilichomwa moto.

Tusilidharau gobore la babu lililobaki darini. Linaweza kumwua jirani, au anayelifyatua. Kulimiliki bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kama lipo kwenu, watoto wasiliguse. Ulizeni polisi namna ya kulisalimisha.