Riwaya hukamilishwa kwa ratiba, si kwa ari pekee

Mswada wa riwaya ni hadithi ndefu kabla haijachapishwa. Wengi huuanza kwa ari, kisha wakakwama katikati.

Ngugi wa Thiong'o, aliyeaga dunia mwaka wa 2025, aliandika riwaya ya Kikuyu, Caitaani Mutharabaini, akiwa kizuizini bila mashtaka katika gereza la Kamiti mwaka wa 1978. Hakungoja karatasi nzuri. Alitumia za chooni. Askari walipoipekua seli yake waliutwaa mswada. Baadaye alirudishiwa, akaendelea. Riwaya ilichapishwa mwaka wa 1980, na tafsiri ya Kiswahili, Shetani Msalabani, mwaka wa 1982.

Ari huja na kutoweka, ratiba hudumu. Mwandishi atenge saa maalumu kila siku, aandike japo ukurasa mmoja. Awe na daftari la majina, umri na maskani ya wahusika, pamoja na muhtasari wa kila sura. Asirudi kuisahihisha sura ya kwanza kabla ya kufika tamati. Aidha, ahifadhi nakala mahali pawili, kwani si kila apotezaye mswada hurudishiwa.